Alama za Kuazima Katika Soko la Vikoa

Alama ya cheo inayotajwa kwenye tangazo la kuuza kikoa cha tovuti ni makadirio ya nguvu ya viungo vinavyokielekea kikoa hicho kutoka tovuti nyingine. Haionyeshi idadi ya wasomaji wala mapato. Asili yake ni PageRank, kanuni ambayo Larry Page na Sergey Brin waliibuni wakiwa Chuo Kikuu cha Stanford katika miaka ya 1990. Katika kanuni hiyo kila kiungo huhesabiwa kama kura, na kura ya tovuti iliyopigiwa kura nyingi huwa na uzito zaidi.

Kuanzia mwaka 2000 Google iliwaonyesha watu wote alama hiyo, kati ya 0 na 10, katika programu ndogo iliyowekwa kwenye kivinjari. Hapo walaghai wakapata mlango. Alama ilibadilishwa mara chache tu kwa mwaka, hivyo muuzaji alikielekeza kikoa chake kitupu kwenye tovuti kubwa yenye alama 9 au 10, kisha akasubiri. Wakati wa mabadiliko ulipofika, Google iliviona viwili hivyo kuwa kitu kimoja, na kikoa kitupu kikavaa alama ya mkubwa. Muuzaji akaondoa maelekezo hayo, akaweka ukurasa wa kawaida, akauza haraka. Mnunuzi alikuwa amelipia namba iliyokuwa ikingoja kutoweka. Dalili yake haikuwa ngumu kuiona: alama 7 au 8, na hakuna tovuti yoyote ya maana yenye kiungo cha kwenda huko.

Google iliacha kuhuisha alama hizo za hadharani mwishoni mwa 2013 na kuziondoa kabisa mwaka 2016. Tangazo la leo linalojivunia PageRank linauza namba ya kale au ya kubuni, na halistahili kujadiliwa bei.

Nafasi yake imechukuliwa na vipimo vya kampuni binafsi, kama Domain Authority ya Moz na Domain Rating ya Ahrefs, ambavyo hufika 100. Google imesema mara nyingi kwamba haivitumii kupanga matokeo yake. Tena ngazi zake hazilingani: kupanda kutoka 70 hadi 80 ni kazi kubwa kuliko kutoka 20 hadi 30, kwa hiyo haina maana kwamba kikoa chenye 60 kina nguvu mara mbili ya chenye 30. Domain Rating huangalia viungo peke yake, bila kujali kama vinaleta wageni. Ndiyo maana hupandishwa kwa urahisi kwa kununua viungo katika mtandao wa tovuti za mtu mmoja, au kwa kukielekezea kikoa hicho kikoa kingine cha zamani.

Uchunguzi wa kweli huanza kwenye orodha ya tovuti zinazotoa viungo, maana hapo ndipo udanganyifu mwingi hujitokeza. Tovuti iliyokua yenyewe hupata viungo kidogo kidogo kwa miaka, kutoka kwa magazeti, vyuo na wafanyabiashara wenzake, na maneno ya viungo huwa zaidi ni jina lake. Mamia ya viungo vilivyoingia kwa wiki moja, vyenye maneno ya kamari au dawa, ni vya kununuliwa. Katika vipimo vya kampuni ya Majestic, Citation Flow ikiwa juu sana na Trust Flow ikiwa chini, viungo ni vingi lakini vinatoka mahali pasipoaminika.

Historia nayo isomwe katika Wayback Machine ya Internet Archive, inayohifadhi kurasa tangu 1996. Tarehe ya usajili hupatikana katika kumbukumbu za usajili wa vikoa, kwa mfano za KeNIC kwa vikoa vya .ke. Tarehe mpya kuliko viungo vyenyewe huashiria kikoa kilichoachwa kikafa, kisha kikasajiliwa upya.

Picha za skrini zisikubaliwe kuwa ushahidi, kwani huhaririwa kwa dakika chache. Muuzaji mkweli anaweza kumwongeza mnunuzi kama mtumiaji wa Google Search Console, aone mwenyewe mibofyo ya utafutaji na adhabu za Google kama zipo. Adhabu hizo haziondoki kwa sababu tu kikoa kimebadili mmiliki.

Hata alama halali ina mpaka. Tangu Machi 2024 sera za Google zinahesabu kuwa taka tovuti iliyojengwa juu ya kikoa kilichokwisha muda ili kutumia sifa yake ya zamani kwa maudhui yasiyo na manufaa kwa wasomaji, kama kuweka kamari palipokuwa na shule ya msingi. Kwa anayeanza biashara isiyohusiana na historia ya kikoa, jina jipya lisilo na alama yoyote ni salama zaidi, na bei yake ni ndogo.