Kibanja Chadai Mbolea

Mwenye kibanja wa Bukoba na Muleba ajua siri ya mgomba: samadi ya ng'ombe na nyasi za rweya. Lakini ng'ombe wamepungua, nayo mvua nyingi ya kando ya ziwa huichukua rutuba ya udongo. Mwaka 2004 Ndugu Frederick Baijukya, mtafiti aliyefanya kazi Maruku, aliliandikia jambo hili tasnifu katika Chuo Kikuu cha Wageningen, Uholanzi. Alichunguza mimea ya jamii ya kunde, ambayo majani yake hurutubisha shamba. Kweli, mimea hiyo yataka ardhi na jasho; haitaki fedha nyingi. Lakini tasnifu ni ya Kiingereza! Twawataka mabwana shamba wayafikishe maarifa hayo vijijini, kwa lugha ya wenye vibanja.