Nauli ya Kurudi

Mapenzi ya mpira katika mji wetu wa Tukuyu si jambo geni. Mwaka 1986 timu ya mji huu, Tukuyu Stars, ilitwaa ubingwa wa ligi ya Tanzania Bara, na sisi tuliokuwa vijana wakati ule hatujaisahau furaha ile. Leo Rungwe haina timu katika Ligi Kuu, kwa hiyo mwenye kutaka kuuona mchezo mkubwa kwa macho yake hana budi kufunga safari, ama ya Mbeya ama ya Dar es Salaam. Juu ya safari hizo ndipo tunapokusudia kusema, kwa kuwa tumeona nyumba ikitaabika kwa sababu ya jambo lililoanza kwa furaha tu.

Mwezi wa Machi 2025 walitujia vijana watatu, ambao tuliwasomesha chuoni walipokuwa wadogo, wakatuaga. Walikuwa wanakwenda Dar es Salaam kuutazama mchezo wa Simba na Yanga wa tarehe 8. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, basi tukawauliza habari za saumu na sala zao, tukawaombea heri, wakaondoka. Neno moja hatukuwauliza: nauli ya kurudi iko wapi?

Siku ile ile ya mchezo, watu wakiwa wamekwisha kuwasili kutoka mikoani, ilitangazwa kuwa mchezo umeahirishwa. Vijana wetu wakasema, tungoje, labda utachezwa kesho au kesho kutwa. Wakangoja, na fedha zikaisha. Siku ya tatu mama wa mmoja wao alitujia baada ya sala ya alasiri, akasema, "Maalimu, mwanangu hana nauli." Alikuwa amekwisha kuuza mikungu ya ndizi aliyoiwekea sare na madaftari ya mdogo wake, na bado haikutosha. Wazee wakachanga, fedha zikapelekwa kwa simu, vijana wakarudi. Lakini mtoto yule mdogo alikaa na sare iliyochanika kwa muda mrefu, naye hakuwa na kosa lolote.

Wala tukio lile halikuwa la kwanza. Tarehe 8 Mei 2021, nayo ilikuwa ndani ya Ramadhani, saa ya kuanza mchezo wa timu hizo hizo ilisogezwa siku ile ile kutoka saa 11 jioni hadi saa 1 usiku, na mwishowe mchezo haukuchezwa mpaka tarehe 3 Julai. Basi mwenye kupanga safari ya mpira na apange kama mtu ambaye huenda asiuone. Mpango wa namna hiyo unaanzia mwisho.

Kwanza ni nauli ya kurudi. Tiketi ya basi ya kurudi ikatwe kabla ya tiketi ya mpira. Au kama siku ya kurudi haijulikani, nauli iachwe nyumbani kwa mtu mwaminifu, aitume itakapohitajika. Mama zetu walifunga fedha katika pindo la kanga, na fundo lile halikufunguliwa kwa kila tamaa ipitayo njiani. Kutoka Tukuyu hadi Dar es Salaam ni karibu kilomita 900. Hapana mtu awezaye kuzirudi kwa miguu.

Pili ni malazi. Tangu 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku, lakini mtu asitegemee kutoka uwanjani na kupanda basi saa ile ile. Ahesabu usiku wa kufika, usiku wa mchezo, na usiku mmoja wa akiba. Akifikia nyumba ya wageni, aulize kwanza kama mlango hufungwa usiku na saa ngapi. Akifikia kwa jamaa, ampe habari mapema, wala asiende mikono mitupu. Ndizi na maparachichi ya Rungwe ni zawadi njema mjini. Mwenyeji naye ana watoto wa kulisha, na mgeni wa siku moja akigeuka wa siku tano huwa mzigo.

Tatu ni tiketi ya mpira yenyewe. Uwanja wa Benjamin Mkapa, uliofunguliwa 2007, huchukua watu 60,000, na tiketi zake hulipiwa kwa kadi ya N-Card inayokaguliwa langoni. Kadi itafutwe na tiketi ilipiwe mapema, wala isinunuliwe kwa mtu wa njiani asiyejulikana. Viti vya mzunguko, vilivyo vya bei ndogo, vinatosha. Aliyekaa katika viti vya wakubwa naye huyaona mabao yale yale.

Nne ni gari. Wanaokwenda Uwanja wa Sokoine, Mbeya, mwendo wa kama kilomita 70, mara nyingi hukodi gari kwa pamoja na kurudi jioni ile ile. Hao wapatane na dereva kabla ya kushuka: gari litaegeshwa wapi, litaondoka saa ngapi, na nani atakayehesabu watu. Ni bora liegeshwe mbali kidogo na uwanja, likiwa limeelekezwa barabarani, kuliko karibu na lango likazingirwa na mengine. Na dereva asihimizwe kukimbia, kwani njia ya kutoka Uyole kuja kwetu ina milima, ukungu na malori yaendayo mpakani Kasumulu. Anayekwenda na gari lake Dar es Salaam aliache pale alipolala, penye mlinzi, kisha aende uwanjani kwa daladala.

Tano ni milango. Tarehe 21 Machi 2021, katika Uwanja wa Uhuru ulio jirani na ule wa Mkapa, watu 45 walikufa kwa msongamano siku ya kumuaga Rais Magufuli. Hawakuwa watazamaji wa mpira, lakini umati ni umati. Nendeni mapema, msisukumane, na mpatane mahali pa kukutania nje, maana simu huzimika.

Na sala isisahauliwe. Safari ya Dar es Salaam inamruhusu msafiri kupunguza sala za rakaa nne, na kufungua saumu kisha akailipa; safari ya Mbeya, kwa kipimo cha madhehebu yetu ya Kishafii, haifiki umbali huo. Mwenye shaka na aulize kabla ya kuondoka.

Mchezo ule ulichezwa tarehe 25 Juni 2025, na Yanga wakashinda mabao 2 kwa 0. Siku chache kabla yake, yule kijana alikuja tena kutuaga. Safari hii tulimuuliza swali letu kabla ya dua. Akatabasamu, akasema, "Maalimu, nauli ya kurudi anayo mama, na sare ya mdogo wangu nimekwisha kuinunua." Tukamwombea heri, akaenda, akarudi.