Tairi pana la mbele: Pima nafasi kabla ya kulipa

SAUTI ya mkwaruzo kutoka gurudumu la mbele, gari linapokata kona likiwa limejaa abiria, si ngeni kwa wamiliki wa magari madogo jijini Dar es Salaam. Mara nyingi huanza kusikika siku chache baada ya mwenye gari kuondoa matairi yake ya zamani na kufunga yaliyo mapana zaidi.

Wapo wanaoichukulia sauti hiyo kuwa ni kero ya masikio tu. Ukweli ni kwamba kila ukingo wa madigadi unapogusa tairi, huondoka na kipande kidogo cha mpira. Tairi lililoliwa hadi nyuzi zake kuonekana linaweza kupasuka gari likiwa katika mwendo. Likiwa ni la mbele, usukani huvuta upande mmoja, na dereva huweza kushindwa kulimudu gari.

Kutaka tairi pana si kosa. Tairi la aina hiyo huweza kushika barabara kavu vizuri zaidi, na wengi hupenda mwonekano wake. Kosa ni kununua kwa kutazama upana peke yake, ilhali kugusa au kutogusa madigadi huamuliwa na mambo manne: upana wa tairi, kimo cha ubavu wake, upana wa rimu na mahali rimu inapokaa.

Namba za ubavuni zinasemaje?

Tuchukue mfano wa tairi la 195/65R15, kipimo kinachotumika katika magari mengi madogo. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili inaeleza kuwa kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya upana huo. Ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi.

Ukipiga hesabu, tairi hilo lina kipenyo cha takriban milimita 634 likiwa halijabebeshwa mzigo. Mwenye gari akinunua 205/65R15, atadhani ameongeza milimita 10 za upana tu. Lakini kwa kuwa ubavu ni asilimia ya upana, tairi jipya limekua pia kwenda juu: kipenyo chake ni karibu milimita 647. Nafasi iliyopo juu ya tairi hupungua kwa milimita sita hivi, na kila upande wa tairi husogea nje kwa milimita tano.

Akichagua 205/60R15 badala yake, atapata upana ule ule, lakini kipenyo kitakuwa milimita 627. Hapo ameongeza upana bila kuongeza kimo. Hii ndiyo kanuni ya kwanza: upana unapopanda, asilimia ya ubavu ishuke, ili kipenyo kibaki karibu na kile cha awali.

Kipenyo kikibadilika, mita ya mwendo nayo hudanganya. Tairi lililo kubwa kwa asilimia mbili hulifanya gari liende kasi kuliko mita inavyoonyesha, kwa kiwango hicho hicho cha asilimia mbili.

Rimu nayo ina siri yake

Wengi wanaopata mkwaruzo huwa wamebadili rimu pamoja na matairi. Kila rimu ina kipimo kiitwacho ofseti, ambacho mara nyingi huandikwa kwa herufi ET ikifuatiwa na namba, kwa mfano ET45. Namba hiyo ni umbali, kwa milimita, kati ya mstari wa katikati ya rimu na uso unaokaa kwenye habu. Kadiri namba inavyopungua, ndivyo gurudumu linavyotoka nje kuelekea madigadi.

Tuseme gari lilikuwa na rimu ya upana wa inchi 6 yenye ET45, na mwenyewe akaweka ya inchi 7 yenye ET35. Inchi moja ni milimita 25.4, hivyo kila upande umeongezeka karibu milimita 13. Ongeza milimita 10 za ofseti. Ukingo wa nje wa rimu utakuwa umesogea kuelekea madigadi kwa takriban milimita 23, ilhali upande wa ndani umesogea milimita tatu tu. Hata tairi lenye namba zinazofaa linaweza kugusa hapo.

Tena, tairi na rimu sharti viafikiane. Tairi la 215/60R15, kwa mfano, halifai kufungwa kwenye rimu yenye upana wa chini ya inchi 6.

Namna ya kupima

Gurudumu la nyuma la magari mengi hupanda na kushuka tu. La mbele hupanda, hushuka na pia hugeuka, hivyo pembe za tairi pana huzunguka karibu na bampa na plastiki iliyo ndani ya madigadi. Kwa sababu hiyo, kupima gari likiwa limesimama na usukani umenyooka hakutoshi.

Kwanza, egesha gari mahali tambarare. Pima nafasi kati ya tairi na shokapu kwa ndani, kisha kati ya tairi na ukingo wa madigadi kwa nje na kwa juu.

Pili, geuza usukani hadi mwisho, kushoto na kulia, na kila mara pima tena mbele na nyuma ya tairi. Usisahau kutazama bomba la mpira la breki.

Tatu, rudia upimaji abiria wakiwa wameketi na mzigo ukiwa umepakiwa. Kumbuka kuwa gari likiruka tuta au likiingia shimoni, springi hubonyea zaidi ya hapo.

Katika magari mengi madogo shokapu ya mbele imefungwa pamoja na habu, hivyo umbali wake na tairi haubadiliki sana. Milimita chache zilizo wazi huweza kutosha. Upande wa madigadi huhitaji nafasi kubwa zaidi, kwa kuwa huko ndiko tairi linakopanda.

Baada ya kufunga, endesha taratibu, ukate kona kali pande zote mbili ukiwa na abiria, kisha ukague mabega ya matairi. Alama inayong'aa kwenye mpira au rangi iliyochubuka kwenye madigadi ni ushahidi wa kutosha.

Tahadhari zaidi

Baadhi ya mafundi hushauri kuweka spesa kati ya habu na rimu ili tairi pana lisiguse shokapu. Spesa hulisogeza gurudumu karibu na madigadi, na isiyofaa hupunguza sehemu ya uzi inayoshikwa na nati za gurudumu. Kukata springi ni hatari zaidi, kwani gari hushuka na nafasi iliyokuwapo hutoweka.

Kwa gari linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne, usiweke mbele matairi yenye kipenyo tofauti na ya nyuma. Tofauti hiyo hulazimisha gia za kugawa nguvu kufanya kazi bila kupumzika, na huweza kuziharibu.

Angalia pia uwezo wa kubeba mzigo. Tairi lenye alama 91 hubeba hadi kilo 615. Usishuke chini ya alama iliyopendekezwa na mtengenezaji, ambayo katika magari mengi huandikwa kwenye kibandiko mlangoni upande wa dereva.

Kwa wanaoendesha wakati wa masika, ni vyema kujua kwamba tairi pana huelea juu ya maji kwa urahisi kuliko jembamba, hasa kashata zake zikiwa zimelika.

Endapo mkwaruzo unasikika ingawa matairi ni ya kipimo cha awali, usiyalaumu. Huenda springi zimechoka au bushi zimekwisha, na gari limekaa chini kuliko lilivyotengenezwa.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Karatasi, kalamu na futi kamba havimgharimu mwenye gari zaidi ya nusu saa. Tairi likishapasuka katikati ya barabara kuu, hakuna atakayejua gharama yake itaishia wapi.