Kuandika tarakimu kwa maneno: Kiingereza, Kiswahili na kompyuta

Kiasi cha fedha katika hundi huandikwa mara mbili, kwa tarakimu na kwa maneno. Sheria ya hundi iliyokubaliwa Geneva mwaka 1931 yaeleza kwamba viwili hivyo vikipingana, maneno ndiyo yashikwayo. Kwa hiyo programu igeuzayo tarakimu kuwa maneno si mchezo wa wanafunzi tu.

Kwa Kiingereza kazi hiyo ni nyepesi. Programu huikata namba katika mafungu ya tarakimu tatu tatu, kuanzia kulia. Namba 305,412 ikigawanywa kwa 1,000, jibu ni 305 na baki ni 412. Kila fungu husomwa kwa utaratibu ule ule, kisha lile la kushoto hufuatwa na neno "thousand". Maneno 31 yatosha kwa namba zote zilizo chini ya bilioni: ishirini toka "zero" hadi "nineteen", manane ya makumi, kisha "hundred", "thousand" na "million". Fungu lenye sifuri tupu sharti lirukwe.

Mtu akiyaondoa maneno hayo na kutia ya Kiswahili, programu itakwama. Kwanza kuna upatanisho wa ngeli: -moja, -wili, -tatu, -nne, -tano na -nane hubadilika, hali sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki. Husemwa vitabu ishirini na viwili, lakini watu ishirini na wawili. Hilo si gumu. Jedwali dogo la viambishi latosha.

Ugumu wenyewe umo katika mpangilio. Neno "thousand" huja nyuma ya fungu lake na kulifunga, kama mfuniko juu ya chungu. Kiswahili hutanguliza elfu, wala hakuna neno lionyeshalo fungu linapokoma. Je, "elfu mia moja na tano" ni 105,000 au 100,005? Pwani, neno laki, lenye asili ya India, huondoa utata huo: laki moja na elfu tano ni mbali na laki moja na tano. Nchini Congo, ambako hata noti ya zaire 5,000,000 ilitolewa mwaka 1992, wengi huhesabu fedha kwa Kifaransa, na laki haisikiki sana. Tena laki yenyewe haifiki chini: "elfu kumi na tano" yaweza kuwa 15,000 au 10,005.

Programu yaweza kuagizwa itie mkato baada ya kila fungu: "elfu kumi, na tano" kwa 10,005. Mkato huo huonekana katika karatasi, ila karani asomewaye kiasi kwa simu hausikii.