Kuwapima Wachezaji wa Vyuo Vikuu Nchini Marekani
Nchini Marekani, timu za kulipwa za futiboli ya Kimarekani huteua wachezaji kutoka vyuo vikuu kwa zamu, katika duru saba. Timu iliyofanya vibaya zaidi hutangulia. Kabla ya uteuzi, vijana walioalikwa hukusanywa, kwa kawaida mjini Indianapolis, na kupimwa urefu, uzito, afya na mbio za yadi 40. Hata hivyo, saa haipimi akili ya mchezo. Mwaka 2000, Tom Brady wa Chuo Kikuu cha Michigan alikimbia masafa hayo kwa sekunde 5.28, akateuliwa wa 199. Baadaye alitwaa ubingwa mara saba. Ndiyo maana wachunguzi hodari hurejea filamu za mechi, wakitazama jinsi mchezaji anavyoamua anaposongwa na wapinzani.