Samaki wa Kuishi Pamoja Katika Tangi Dogo
Katika vidimbwi vya masika, pwani ya kaskazini ya Tanzania hadi kusini mwa Kenya, huishi samaki mwenye rangi za kupendeza, Nothobranchius palmqvisti, aliyeelezwa kisayansi mwaka 1907. Kidimbwi kikikauka hufa, na mayai yake husubiri mvua ndani ya tope. Hana ukubwa zaidi ya kidole, lakini madume hupigana. Basi tangi dogo la kioo latosha dume mmoja na majike wawili au watatu. Wala msimchanganye na perege. Kifaranga wa perege hukua upesi, akamnyima mwenzake chakula na nafasi.

Wazazi, wafundisheni watoto kuwa kiumbe aliyefungiwa ni amana. Hadithi yatukumbusha mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila kumlisha.