Ada Ni Ndogo, Muhuri Ndio Ghali: Kijana wa Kizwite Asomee Wapi Umeme?

Mama mmoja, jirani yangu hapa Kizwite, mjini Sumbawanga, alinisimamisha barabarani akiwa na karatasi mbili mkononi. Moja ilikuwa orodha ya kozi za VETA. Nyingine ilikuwa tangazo la chuo cha mtu binafsi, limechapwa kwa rangi, likiahidi "umeme na otomesheni" kwa miezi michache tu.

"Mwanangu kapata foo, daraja la nne," alisema, "na hataki kusikia kingine ila umeme. Nimpeleke wapi pesa yangu isipotee?"

Nilimjibu harakaharaka, na baadaye nikaona nimemjibu vibaya. Nilimtajia ada, kumbe ada ndiyo sehemu ndogo kabisa ya hesabu hii.

Mzazi asiye na kitu humpeleka kijana kwa fundi wa mtaani. Huko hakuna ada. Kijana anaanza kama saidia fundi: anachimba kuta, anapitisha bomba, anavuta waya, na mchana anapata pesa ya chakula. Baada ya mwaka mmoja anafunga soketi na swichi haraka kuliko wengi waliotoka chuoni, na ameshajua namna ya kuongea na mwenye nyumba aliyechelewesha malipo, somo ambalo hakuna chuo kinalifundisha. Ufipa hii yetu ya Rukwa haihitaji kuhubiriwa thamani ya kujifunza kwa kukaa na mjuzi. Wazee waliyeyusha chuma kwenye malungu, tanuri za udongo ndefu kupita kimo cha mtu, mpaka mwanzoni mwa karne ya 20, na hakuna aliyepewa daftari.

Ila mfua chuma hakuhitaji mchoro wake upokelewe TANESCO. Fundi umeme anauhitaji. Mteja anayeomba kuunganishiwa umeme, awe wa kijijini anayelipa shilingi 27,000 au wa mjini aliye jirani na nguzo anayelipa 320,960 kwa fezi moja, lazima apeleke mchoro wa nyaya uliopigwa muhuri na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Leseni hizo zina madaraja, na kila daraja linataka cheti cha mafunzo. Ndiyo maana utamkuta fundi hodari wa mjini hapa amemaliza nyumba nzima kwa mikono yake, halafu anakwenda kumgawia mwingine sehemu ya ujira kwa kupigiwa muhuri tu. Hiyo ndiyo ada ya mtaani. Hailipwi mwanzoni, inalipwa kila nyumba.

Sasa VETA. Mkoa wa Rukwa ulikuwa miongoni mwa mikoa iliyochelewa kupata chuo chake kikubwa cha ufundi stadi, pamoja na Geita, Simiyu na Njombe. Kabla ya hapo vijana wengi walifunga begi kwenda Mbeya. Leo chuo kipo Sumbawanga, na ada ya kozi ndefu katika vyuo vya VETA imekuwa shilingi 60,000 kwa mwaka kwa wanafunzi wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni. Ni ndogo kwa sababu waajiri wanaichangia: sehemu ya tozo ya kuendeleza ujuzi, ambayo tangu 2023 ni asilimia 3.5 ya mishahara wanayolipa, huenda kwenye mafunzo haya.

Wazazi wengi wa mjini huona kutwa ndiyo nafuu. Hebu tupige hesabu. Tofauti ya kutwa na bweni ni 60,000 kwa mwaka mzima. Tuseme bodaboda ya kwenda na kurudi inamla kijana shilingi 1,000 tu kwa siku, na siku za masomo ni 200. Hizo ni 200,000, kabla hajanunua chakula cha mchana. Kama nyumba yenu iko mbali na chuo kiasi cha kuhitaji pikipiki, bweni ni rahisi kwa zaidi ya mara mbili, na kijana hatafika darasani amelowa kwa mvua ya Februari. Kutwa ni ya anayeweza kutembea.

Kuna ngazi tatu za cheti, na kwa kawaida kila moja huchukua mwaka. Atakayefika ya tatu atakuwa amelipa ada ya 180,000 kwa kutwa au 360,000 kwa bweni. Juu yake weka ovaroli, buti, testa, koleo, bisibisi na mita ya kupimia. Weka pia nauli na chakula cha kipindi cha kwenda kazini kwa mazoezi, maana hapo kijana hufanya kazi bila mshahara na mzazi husahau kulitenga fungu hilo. Vifaa usivinunue vyote siku moja. Mita nzuri moja inashinda begi la vifaa vya bei chee ambavyo mipini yake inapasuka, na mpini uliopasuka kwenye umeme ni kifo.

Chuo cha binafsi si lazima kiwe kibaya. Baadhi vina walimu walioacha ajira nzuri ili wafundishe. Lakini ada yake huwa kubwa mara kadhaa, na tangazo halikuonyeshi karakana. Mzazi aulize mambo mawili. Kwanza namba ya usajili wa NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, kisha ahakikishe kwamba usajili ni wa fani ya umeme na si wa kompyuta au ushonaji peke yake. Pili aombe kuingia karakana akahesabu: wanafunzi wangapi wanagombea bodi moja ya mazoezi? Wakiwa kumi na watano, wengi wanatazama tu.

Hapo ndipo lile neno "otomesheni" linapopimwa. Kwa Sumbawanga si neno la fahari. Mji huu unaishi kwa mahindi, na mashine za kusaga na kukoboa zinaendeshwa na mota za fezi tatu. Mota ikiwashwa ghafla huvuta umeme mara tano hadi saba ya ule wa kawaida. Ndiyo maana hufungwa mfumo wa staa-delta, ambao hupunguza mvuto huo wa mwanzo hadi theluthi moja. Fezi moja ikikatika na hakuna ovaloadi iliyopangwa sawasawa, mota inaungua, na mwenye mashine anapoteza wiki nzima ya msimu. Kijana anayejua kontakta, taima na ovaloadi, na anayeweza kufunga pampu ya kisima ijizime tanki likijaa, tayari anafanya otomesheni. PLC, ile kompyuta ndogo inayoongoza mitambo, inakuja baada ya hapo. Chuo kinachoahidi PLC huku hakina mota hata moja ya kufungua kinauza neno tu.

Kazi hizo zitaongezeka umeme wa uhakika ukifika. Rukwa imetegemea kwa miaka mingi umeme unaoletwa kutoka Zambia kupitia Mbala, pamoja na jenereta za mafuta. Mradi wa TAZA, wa kuunganisha umeme wa Tanzania na Zambia, ni wa kuleta laini ya kilovoti 400 kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga.

Kuhusu stashahada, niseme kwa kifupi. MUST ya Mbeya, DIT na Chuo cha Ufundi Arusha ni njia nzuri kwa kijana mwenye angalau D nne zikiwemo za sayansi, na tangu 2023/24 mikopo ya serikali imeanza kuwafikia wa stashahada katika fani za kipaumbele. Kwa mwenye foo isiyo na fizikia, huko si kwake kwa sasa. Na kwa binti aliyekatisha shule kwa kupata mtoto, viko vyuo vya maendeleo ya wananchi, vilivyoanzishwa 1975 kwa kufuata mfano wa Sweden. Baadhi humpokea mama pamoja na mtoto wake. Kimojawapo cha vyuo hivyo ni Msaginya, mkoani Katavi.

Jibu ambalo ningempa mama yule siku ile ni hili: mpeleke VETA, bweni, na kila likizo akae kwa fundi wa mashine za kusaga. Kama mwanao mkubwa tayari ni fundi wa mtaani wa miaka mingi, huyo usimrudishe darasani kwa miaka mitatu. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi, ambapo fundi anapimwa kwa kazi anayoijua na kupewa cheti, na zipo awamu ambazo serikali huzilipia. Aende akaulize lini inayofuata.

Tangazo la rangi alibaki nalo. Nilimwambia aende nalo chuoni hapo pamoja na kijana, na waombe kuonyeshwa mota.